Kisigino cha Kahawia

Chupa ilirudi kutoka kwa mkemia ndani ya mfuko wa nailoni, na majibu yaliyokuja nayo hayakumfurahisha mkuu wa kituo hata kidogo.

"Dawa ya kulainisha choo?" aliuliza.

"Ya kulainisha choo," alisema Inspekta. "Si ya usingizi, si ya kikohozi, si sumu. Inauzwa duka lolote la dawa. Hata wewe, afande, ukifunga choo unainunua."

"Mimi sifungi choo."

"Ni mfano tu, afande."

Mkuu wa kituo aliigeuzageuza chupa kwenye mwanga wa dirisha. "Lebo imebanduliwa. Mtu asiye na la kuficha habandui lebo."

"Jikoni kwa yule mama kuna joto. Alikuwa anaiweka kwenye beseni la maji isiharibike. Nimelikuta beseni, na vipande vya lebo vimeganda ukingoni."

Mkuu aliirudisha chupa mezani. Kwa mtu wa cheo, kumwachia mahabusu bila kuwa na mwingine wa kumweka mahali pake ni hasara. Na mahabusu huyu alikuwa amekaa vizuri kwenye kesi: mwanamke mshonaji, anashonea nyumbani, mume yuko kazini mbali, mtoto mmoja wa kiume. Mama mkwe wake ndiye aliyekuja kushtaki kwa miguu yake mwenyewe. Alisema mkamwana alimnywesha mtoto dawa ya usingizi tangu uchangani ili apate kushona kwa amani, na sasa mtoto ana mwaka na nusu, hawezi kukaa, hawezi kushika kijiko, wala haonyeshi kama anamjua bibi yake.

"Kesho asubuhi faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka," alisema mkuu. "Mahakama itamnyang'anya mtoto na yeye ataingia ndani. Ukitaka isiwe hivyo, niletee aliyemharibu yule mtoto. Jina na sura. Usiniletee beseni."

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Aliichukua chupa yake akatoka.

Mama wa mtoto aliletwa chumba cha mahojiano akiwa peku. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimejaa vitundu vya sindano.

"Kaa, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Haya, niambie. Ile chupa ulikuwa unampa ya nini?"

"Alikuwa hapati choo, afande. Dawa ya choo ina kazi gani nyingine? Nimewaambia tangu siku ya kwanza. Askari wako mmoja akaniambia nisimletee habari za kinyesi."

"Niletee mimi. Alianza lini?"

"Mdogo kabisa. Tumbo linajaa, kitovu kimetoka nje kama kifundo. Watu wakaniambia kitovu kinatoka kwa sababu analia sana. Nikawaambia huyu wangu halii."

"Halii kabisa?"

"Akilia, sauti inakwaruza kama ya mzee mwenye mafua. Halafu ananyamaza, analala. Namwamsha anyonye, analala tena na titi mdomoni. Majirani walikuwa wananionea wivu. Mama mkwe mwenyewe alinisifu: umepata mtoto mwenye adabu, si kama baba yake alivyonikesha mimi. Leo ule utulivu aliousifu ndio ushahidi wake kwamba nilimlewesha."

"Ulimi wake?"

Mwanamke aliinua macho. Hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu ulimi. "Ulikuwa unakaa nje. Nilidhani anacheza."

"Mwili?"

"Baridi. Hata juani. Nimemshonea masweta mpaka vitambaa vya wateja vikaisha."

"Kliniki?"

"Sikukosa hata mara moja. Wanapima uzito, wananiambia hongera mtoto mtulivu, anayefuata."

Inspekta aliivuta simu ya mwanamke yule kutoka kwenye bahasha ya vielelezo akamwambia aifungue. Picha zilikuwa nyingi, karibu zote za mtoto amelala. Alirudi nyuma mpaka ya kwanza kabisa: miguu miwili ya kichanga juu ya shuka la hospitali, na kisigino kimoja kimepakwa rangi ya kahawia mpaka kwenye kifundo.

"Hii ya kahawia ni nini?"

"Dawa. Walimtoboa hapo siku tuliyoruhusiwa. Wakadondosha damu kwenye karatasi nzito yenye vimduara. Nesi akasema inakwenda maabara kupimwa magonjwa ya kuzaliwa nayo, zile homoni sijui. Akasema wakiona tatizo watanipigia simu. Ukiona kimya, mtoto mzima."

"Wakapiga?"

"Nilipandisha sauti ya simu mpaka mwisho, afande. Nilikuwa naoga nayo mlangoni." Alitikisa kichwa. "Kimya."

"Mashine yako sasa anaishika nani?"

"Mdogo wangu. Naye amejifungua juzi juzi tu, anashona kichanga kikiwa mapajani. Wateja hawajui mambo ya mahabusu, wanataka nguo zao."

Daktari wa watoto alikuwa amemvua mtoto nguo zote na kumlaza kitandani. Bibi yake, yule mama mkwe mshtaki, alikuwa amesimama pembeni ameukumbatia mkoba.

"Sema tu daktari," alisema bibi alipomwona Inspekta akiingia. "Mbele ya serikali. Sema alimpa nini."

"Hakumpa kitu, bibi. Damu tuliyomchukua imeleta majibu." Daktari aliweka vidole viwili kwenye shingo ya mtoto. "Hapa kuna tezi. Ya huyu haikufanya kazi tangu yuko tumboni. Inatakiwa kutoa homoni, na bila homoni hiyo ubongo wa mtoto haujijengi. Ndiyo maana ana baridi, choo kigumu, ulimi mkubwa, sauti nzito, usingizi. Vyote hivyo ni kitu kimoja."

Bibi alifikiri. "Kwa hiyo ni ugonjwa wa upande wa mama yake."

"Bibi, hauna upande. Unatokea tu."

"Hivi hivi?"

"Hivi hivi."

Inspekta alimsogelea mtoto. Mtoto alikuwa anatazama taa. Alipitisha mkono mbele ya macho yake, akaendelea kutazama taa.

"Dawa ipo?"

"Ipo. Kidonge kimoja kidogo, unakisaga, unakoroga kwenye maziwa kila asubuhi. Hata kijijini kinafika. Kichanga akianza ndani ya wiki mbili za mwanzo, anakua kama wenzake, anakwenda shule, anawasumbua walimu. Huwezi kumjua kwenye kundi."

"Huyu akianza leo?"

Daktari alianza kumvalisha mtoto sweta, mkono mmoja, kisha mwingine. "Atapata joto. Atapata choo. Atarefuka."

"Nimeuliza kichwa, daktari."

"Nimesikia ulichouliza, afande."

Hapo ndipo bibi alipokaa chini, sakafuni, bila kutafuta kiti.

Inspekta alimwonyesha daktari picha ya kisigino. Daktari aliitazama kwa muda, akaikuza, akairudisha. "Katobolewa. Basi kama ile kadi ya damu ilifika maabara, maabara walijua kabla hata mama yake hajamaliza kupongezwa. Kipimo hiki kwa mtoto kama huyu hakifichi. Kinapiga kelele."

"Na kelele hiyo ilikwenda wapi?"

"Hilo ni lako, afande. Mimi yangu yameishia hapa." Kisha, kama mtu aliyekumbuka: "Kwa nini kisigino chake ni cha kahawia?"

Wodi ya wazazi alimozaliwa mtoto yule ilikuwa inanuka dawa na maziwa. Inspekta hakuingia. Alisimama mlangoni akaangalia kwanza.

Metroni, mkuu wa manesi, mwanamke mrefu mwenye saa iliyoning'inia kifuani, alikuwa anapita kitanda kwa kitanda. Hakuuliza nani ananyonya na nani hanyonyi. Alifunua miguu. Kisigino cha kahawia, akapita. Kisigino cha kahawia, akapita. Alipofika kitanda cha dirishani akasimama.

"Huyu hakupakwa."

"Nimemsafisha kwa spiriti, Metroni," alisema nesi.

"Spiriti nitaiona wapi? Imeshakauka. Mkaguzi akija nimwambie nini, anuse? Mpake."

Nesi akachovya pamba, akampaka mtoto kisiginoni, kisha, bila kuambiwa, akampaka na kitovuni.

Hospitali husahau haraka, watu hawasahau. Ulikuwapo mwaka ambao vichanga wa wodi hii walioza vitovu, mmoja baada ya mwingine, na akina mama wakatoka na kanga tupu. Ikaundwa kamati. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikasema chanzo hakikujulikana, ingawa bomba la wodi lilikuwa halitoi maji tangu masika na kila mfagiaji alijua. Bomba halikutengenezwa. Iliyotoka ni amri: kuanzia sasa kila kichanga apakwe dawa inayoonekana kwa macho, ili mkaguzi akipita aone kwamba wodi ni safi. Waliozika hawakuitwa hata kutoa ushahidi. Amri ikabaki. Manesi wakaja, manesi wakaenda, na rangi ya kahawia ikawa ndiyo usafi wenyewe.

"Karibu, dada," alisema Metroni alipoona kitambulisho. "Kama ni habari ya yule mshonaji, mtoto alitoka hapa mzima. Waliomharibu ni huko huko majumbani."

"Alitobolewa hapa?"

"Kila mtoto anatobolewa hapa. Kadi inakauka, inakwenda maabara. Hatujawahi kukosa."

"Majibu yakiwa mabaya, nani anampigia mzazi?"

"Maabara."

"Maabara waliwahi kuwaomba damu ya pili ya mtoto yule?"

Metroni alinyoosha shuka ambalo halikuwa na mkunjo. "Dada yangu, wale wanaomba damu ya pili kila siku ya Mungu. Kwa kila mtoto! Ukiwasikiliza wao, wodi yangu nzima wagonjwa. Wodi za wenzetu hakuna anayeumwa, ni hapa tu. Ni chuki. Na mama akisharuhusiwa, nimfuate wapi? Nimpandie baiskeli?"

"Kwa hiyo hamkumwita."

"Kuita ni kazi ya maabara."

"Wodi za wenzenu wanapaka nini?"

"Spiriti." Metroni alitabasamu kwa huruma. "Hawana nidhamu."

Inspekta alichota pamba moja ya kahawia kutoka kwenye sahani, akaifunga kwenye mfuko. Mlangoni aligeuka akawatazama vichanga wale, kila mmoja na doa lake, wamelala kimya. Hakuna kichanga hata mmoja aliyekuwa analia, na kila mama aliyekuwa macho alionekana kushukuru kwa hilo.

Maabara ilikuwa ng'ambo ya ua wa hospitali. Mtu mwenye sauti nzuri angeweza kusimama kwenye dirisha la wodi akaita, akasikika.

Mkuu wa maabara alimpokea kwa adabu. Alikuwa mwanamume mwembamba, koti jeupe limepigwa pasi. Nyuma yake kadi za damu zilikuwa zimelazwa kwenye vibao, zinakauka, kila moja na vimduara vyake vyekundu. Kadi kadhaa zilikuwa zimetengwa kwenye kibao cha peke yake. Zilikuwa na duara la kahawia kuzunguka wekundu.

"Hizi vipi?"

"Hao ni wale wa kahawia," alisema mkuu wa maabara, kisha akajutia ulimi wake.

Inspekta aliweka mfuko wa pamba juu ya meza. "Endelea."

"Dawa ile ina iodini. Wanampaka mtoto kitovuni tangu anazaliwa, wanampaka kisiginoni. Ngozi ya kichanga inaimeza. Iodini ikizidi, tezi inaduwaa kwa siku chache, na homoni ya kuiamsha inapanda. Sisi hapa tunaipima hiyo homoni. Mtoto mzima anaonekana mgonjwa. Baadaye anarudi sawa, hana tatizo lolote."

"Wodi nzima wanaonekana wagonjwa."

"Sio wote. Wengi."

"Na akiwamo mgonjwa wa kweli?"

"Anaonekana sawa na wenzake."

Inspekta alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mtoto wa mshonaji. Alikuwa juu?"

Mkuu wa maabara hakuhitaji kutafuta. Hilo lilimwambia Inspekta kwamba alikuwa ameshatafuta siku kesi ilipoanza kusemwa mitaani, na alikuwa amekaa na jibu. "Juu sana. Juu kuliko wote wa wiki ile."

"Ukafanya nini?"

"Nikaomba damu ya pili wodini."

"Ikaja?"

"Haijawahi kuja. Ya mtoto yeyote."

"Ukampigia mama yake?"

"Afande, mwanzo tulikuwa tunawapigia. Wote. Wakawa wanakuja wanalia, wengine wamesafiri mchana kutwa na kichanga mgongoni. Tunapima tena, mzima. Mwingine, mzima. Malalamiko yakafika juu kwamba maabara inatisha wazazi. Kukawa na kikao. Ikaamuliwa kwamba kwa wodi ile tusimpigie mzazi mpaka wodi ilete damu ya pili."

"Aliamua nani?"

"Kikao."

"Kikao hakishikiki mkono. Nani?"

"Nakuambia ukweli. Metroni alikuwepo. Mganga mkuu alikuwepo. Mimi nilikuwepo. Sambusa zilikuwepo. Mtu hakuinua mkono kusema naamua. Ilionekana tu kwamba tumekubaliana."

"Mwenyekiti?"

"Marehemu."

"Na ulishindwa kuvuka ua ukawaambia waache ile dawa?"

"Niliwaambia. Wakasema ni amri ya kamati. Nikauliza kamati iko wapi, wakasema ilivunjwa." Alifungua mikono, viganja juu. Vilikuwa viganja safi. "Nifunge mimi, afande. Lakini utaandika kosa gani? Nilipima, na kipimo hakikukosea. Nikaomba, sikuletewa."

Inspekta alilitafuta kosa hilo kichwani, kifungu kwa kifungu. Kipo cha anayemdhuru mtoto kwa mkono wake. Kipo cha anayemtelekeza. Cha watu wenye heshima zao waliokubaliana kwa kutosema kitu hakikuandikwa, na walioziandika sheria walikuwa watu wa vikao. Pingu zilikuwa kiunoni mwake. Zilitoshea mkono wa mshonaji vizuri sana.

"Wengine wako wapi? Wale wa kahawia wa mwaka huu?"

Mkuu wa maabara alimfungulia kabati la baridi. Kadi zilikuwa zimefungwa mafungu kwa mipira, rafu hadi rafu.

"Piga simu."

"Kwa idhini ya nani?"

"Toa namba zao. Napiga mimi."

Namba ya kwanza haikupatikana. Ya pili ilipokelewa na mzee aliyesema laini hiyo ameinunua yeye, na hana mtoto mchanga, asante Mungu. Ya tatu alipokea mwanamume.

"Napiga kutoka polisi. Ni kuhusu mtoto wenu mchanga, damu yake ya hospitali."

"Enhe," alisema mwanamume. "Anaumwa, siyo? Na nikutumie pesa kwanza ndiyo mumtibu? Tumewazoea nyie. Jana mlikuwa benki, leo mmekuwa polisi."

"Baba, nisikilize. Sitaki pesa. Mpeleke mtoto akapimwe."

"Mpeleke wako!" Akakata. Alipopigiwa tena, alikuwa ameshaizuia namba.

Mkuu wa maabara alikuwa anamtazama bila kejeli. Alikuwa na uso wa mtu aliyewahi kusimama hapo hapo na simu hiyo hiyo. Inspekta alipiga namba nyingine, na nyingine, mpaka chaji ikaisha. Waliopokea na kukubali kwenda, aliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vikabaki vidole.

Mkuu wa kituo alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo hakuna mtu."

"Wapo wengi, afande."

"Wengi ni sawasawa na hakuna." Akasaini karatasi ya kumwachia mwanamke, akaisukuma juu ya meza kwa kidole kimoja. "Hospitali nitawaandikia barua. Wataunda kamati."

Inspekta alimrudisha mshonaji nyumbani kwa gari la kituo, na njiani akamweleza yote: tezi, kadi, rangi ya kahawia, kikao. Alimweleza kama anavyotoa ushahidi, bila kupamba. Mwanamke alisikiliza akitazama mbele.

"Kwa hiyo walijua."

"Mashine ilijua. Watu walizoea."

"Na mimi nikakaa na simu." Baadaye kidogo akauliza, "Kile kidonge, akinywa, atarudi?"

Inspekta alibadilisha gia. Barabara ilikuwa imenyooka na haikuhitaji gia.

"Atapata joto," alisema.

Mwanamke aligeukia dirisha.

Nyumbani cherehani ilikuwa inakimbia. Mdogo wake alikuwa amekaa mahali pake, mguu kwenye pedali, kichanga mapajani kimefunikwa kipande cha kitambaa cha mteja. Bibi alikuwa kwenye mkeka na mjukuu wake, anamlisha uji kwa kijiko kidogo, anaukinga unaotoka. Alipomwona mkamwana wake mlangoni aliweka kijiko chini.

"Shikamoo, mama," alisema mshonaji.

"Marahaba, mwanangu." "Mimi niliona chupa. Niliona chupa tu."

"Najua, mama."

Alipiga magoti, akamchukua mwanawe, akamnusa kichwani. Mtoto alitazama dirisha. Kesho yake asubuhi kidonge cha kwanza kingesagwa kwenye maziwa, na keshokutwa cha pili, na hivyo hivyo maisha yote.

"Dada, wamekuachia!" Mdogo wake alisimamisha cherehani akainuka na kichanga begani. "Mshike na huyu mwanao. Hujamwona tangu akiwa na siku mbili. Yaani nimeshona magauni matatu ya watu akiwa mapajani kwangu, hajafungua hata jicho. Nimebahatika, mtulivu huyu, hata sijui kama nina mtoto!"

Hakuna aliyecheka. Mshonaji alimrudisha mwanawe kwa bibi yake, taratibu. Akasimama. Akamfikia mdogo wake, akashika mguu wa kichanga, akauvua soksi.

Kisigino kilikuwa cha kahawia, kimeanza kufifia kwenye mikunjo.

"Wamekupigia simu?" aliuliza Inspekta kutoka mlangoni.

"Nani?"

"Hospitali."

"Hapana."

Mshonaji alikuwa ameuweka mguu ule kwenye kiganja chake, anausikiliza kwa ngozi kama anavyopima kitambaa: una joto, hauna joto, hakuwa na hakika. Akakifinya kidole kidogo. Kichanga kikakunja uso. Wote walisubiri kilie, na kikajinyoosha, kikalala tena.

"Mchukulie blanketi," alisema Inspekta. Funguo za gari zilikuwa tayari mkononi. "Twende kwa daktari, sasa hivi, kabla hajaondoka."

"Kwa daktari kufanya nini?" Mdogo mtu aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na kicheko kilikuwa bado hakijamtoka vizuri usoni. "Mbona mnanitisha? Nimewaambia hawajapiga simu. Si walisema ukiona kimya, mtoto mzima?"